Kuzisikiliza Upya Rekodi Kongwe za Koncheto za Piano

Anayetaka kuzua ubishi mjini Kisumu hahitaji kutaja siasa. Aketi tu na wazee wawili waliokulia enzi za santuri, awaagizie chai, kisha aulize ni sahani ipi ya benga iliyokuwa na gitaa la solo safi kuliko zote. Hawatataja jina la bendi na kunyamaza. Mmoja atasema kwamba rekodi fulani ilikuwa na uhai kwa sababu mpiga besi alikuwa akimtangulia kidogo mpiga ngoma; mwenzake atashikilia kwamba wimbo uleule uliporekodiwa tena ulitulia, na hapo ndipo maneno yalipoanza kusikika. Watashindana juu ya dakika chache za muziki hadi chai ipoe, na hakuna atakayewaona kuwa watu wa ajabu.

Nimeanza na wazee hao kwa sababu usikivu wao ndio ninaoukosa watu wanapozungumzia rekodi maarufu za koncheto za piano za Ulaya. Hapo hata mpenzi wa muziki mwenye sikio zuri hushusha sauti kama aliyeingia kanisani ibada ikiendelea. Huambiwa kwamba rekodi hii ya mwaka 1929 ama ile ya 1948 ni hazina, naye hukubali, huisikiliza mara moja, hulalamikia mkwaruzo moyoni, kisha hurudi kwenye rekodi ya juzi iliyo safi kama kioo. Ninavyoona mimi, heshima ya aina hiyo ni njia ya kukwepa kusikiliza. Rekodi kongwe iliyo bora haikuwa bora kwa sababu ya umri wake, wala kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye jalada, wala kwa sababu ya kisa cha huzuni kinachoambatana nayo. Ni bora kwa kuwa ndani yake unamsikia mtu akiamua jambo, na uamuzi huo unaweza kuusikia, kuukubali au kuukataa, sawasawa na wale wazee na gitaa lao.

Koncheto, kwa asiyeizoea, ni utungo wa chombo kimoja kinachosemezana na okestra nzima, na mara nyingi huwa na sehemu tatu: ya kwanza yenye mwendo wa haraka, ya pili ya polepole, na ya tatu ya haraka tena. (Brahms aliongeza ya nne katika Koncheto yake ya Pili, kama mgeni anayefika na mkoba mmoja zaidi ya aliotarajiwa kuwa nao.) Karatasi ya mtunzi humwambia mpiga piano ni nota zipi za kupiga na zikae kwa muda gani takriban. Haimwambii kila nota ibebe uzito kiasi gani, wala kimya kilicho kati ya nota mbili kiachwe kirefu namna gani. Mwenye kuwafahamu wapiga nyatiti hataona ugumu hapa: nyuzi ni nane zilezile, pete ya kidole cha mguu inagonga ubao uleule, lakini wachezaji wawili wakishika wimbo mmoja utadhani wanasimulia visa viwili.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni mwanzo wa Koncheto ya Pili ya Sergei Rachmaninoff, aliyoimaliza mwaka 1901. Piano inaanza peke yake. Mikono inaangusha mafungu mazito ya nota yanayolia kama kengele, na baada ya kila fungu mkono wa kushoto unazama kugusa nota ileile ya chini kabisa. Sauti inaanza kwa upole na kuongezeka, fungu baada ya fungu, mpaka okestra inapoingia kama Mto Nyando unapovunja kingo zake. Mtunzi mwenyewe aliirekodi koncheto hii mwaka 1929 pamoja na Okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Leopold Stokowski. Anayeisikiliza kwa mara ya kwanza hushangaa jinsi Rachmaninoff asivyojibembeleza. Anazipita kengele zake bila kukawia, na kule mbele, penye ile nyimbo pana ambayo wengine huivuta hadi ikalegea, yeye anasonga tu, akiwaachia wapiga fidla kazi ya kulia.

Sasa weka kando yake rekodi ya Sviatoslav Richter ya mwaka 1959, akiwa na Okestra ya Filamoni ya Warsaw chini ya Stanisław Wisłocki. Kengele ni zilezile, ila kila moja inaachwa ififie karibu ife kabla ya nyingine kupigwa, hata msikilizaji anaingiwa na hofu kwamba muziki utasimama kabla haujaanza. Okestra inapoingia unakuwa umeshachoka kwa kusubiri, na uchovu huo ndio alioukusudia. Sehemu hiyo ya kwanza ya Richter ni ndefu kuliko ya mtunzi kwa zaidi ya dakika moja, ingawa hakuna nota iliyoongezwa.

Nani amepatia? Jibu la haraka ni kwamba mtunzi ndiye mwenye mali, kwa hiyo kauli yake ni ya mwisho. Sikubaliani nalo, na ushahidi unatoka kwa Rachmaninoff mwenyewe. Alipoirekodi Koncheto yake ya Tatu na kiongozi wa okestra Eugene Ormandy, kati ya mwaka 1939 na 1940, aliruka vipande vya muziki alioutunga kwa mkono wake. Kama rekodi ya mtunzi ni sheria, basi tungelazimika kuvitupa vipande hivyo daima, jambo ambalo wapiga piano wa leo hawalikubali, na msikilizaji aliyewahi kusikia kazi yote hawezi kulitamani. Rekodi ya mtunzi ni ushahidi wa jinsi alivyowaza siku ile, mbele ya maikrofoni ile. Ni ushahidi mzito, lakini shahidi si hakimu.

Maikrofoni yenyewe inastahili maneno machache, kwa sababu watu hudhani kwamba teknolojia ya zamani iliharibu sauti tu. Iliubana muziki wenyewe pia. Kabla ya mwaka 1925 wanamuziki walijikusanya mbele ya faneli kubwa iliyochonga sauti moja kwa moja kwenye nta, na piano ilitoka ikiwa kama imefungiwa ndani ya kabati. Hata baada ya maikrofoni kuja, upande mmoja wa sahani kubwa ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika nne hadi tano tu. Koncheto ya nusu saa ilikatwa vipande saba, vinane au zaidi. Mpiga piano alifika ukingoni mwa upande, akasimama, sahani ikabadilishwa, kisha akatakiwa kurudi na hasira ileile au upole uleule aliouachia njiani. Hakukuwa na kukata na kuunganisha. Aliyekosea alichagua moja kati ya mawili: kuanza upande huo upya au kuliacha kosa libaki milele. Waliokuwa wakinunua sahani ndogo za benga miaka ya sabini wanaujua mkato huu vizuri, maana wimbo mmoja uligawanywa upande A na upande B, na uhondo wa gitaa aghalabu ulikuwa upande wa pili, baada ya mtu kuinuka kwenye kiti na kugeuza sahani. Santuri za muda mrefu zilipoingia sokoni mwaka 1948, na utepe wa sumaku ukaanza kutumika studioni, kukatwa huko kukaisha. Kwa koncheto lilikuwa jambo jema. Kwa benga sina hakika; kule kuinuka kulikuwa sehemu ya raha.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo msikilizaji wa leo hana budi kulijua. Sahani hizo hazikuzunguka zote kwa kasi moja kamili, na fundi anayezihamisha kwenye mfumo wa kisasa akikosea kasi, piano yote hupanda au kushuka. Sisi tuliokulia kwenye redio za kaseti tunakumbuka betri zikikaribia kwisha, mwimbaji akageuka mzee ghafla. Kosa la sahani ni dogo kuliko hilo, lakini linatosha kumfanya mpiga piano aonekane mwepesi au mzito kuliko alivyokuwa. Vilevile, fundi anayeufuta mkwaruzo kupita kiasi huufuta pamoja na mng'ao wa nyuzi za juu za piano, akatuachia sauti iliyonyamazishwa kama ngoma iliyofunikwa blanketi. Mimi huchagua uhamisho wenye mkwaruzo kiasi. Sikio huuzoea ndani ya dakika mbili, kama tunavyozoea mvua ya mabati, kisha hulifuata lile linalosemwa nyuma yake.

Kuhusu majina, kuna kisa ambacho kila mpenzi wa rekodi kongwe angefaa kukisikia. Dinu Lipatti, mpiga piano Mromania aliyefariki mwaka 1950 akiwa na umri wa miaka 33, aliacha rekodi chache sana, mojawapo ikiwa ile ya Koncheto ya Schumann aliyoifanya mwaka 1948 na Okestra ya Philharmonia chini ya Herbert von Karajan. Upigaji wake ni safi bila ubaridi, na kifo chake cha mapema kikalifanya jina lake litajwe kwa sauti ya chini. Baadaye ikauzwa kwa jina lake rekodi ya Koncheto ya Kwanza ya Chopin, ikapokelewa kwa sifa. Mwaka 1981 ikabainika kwamba aliyekuwa akipiga piano hakuwa Lipatti hata kidogo. Alikuwa Halina Czerny-Stefańska wa Poland, mmoja wa washindi wawili wa kwanza wa Mashindano ya Chopin ya Warsaw ya mwaka 1949, na rekodi hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutolewa kwa jina lake halisi.

Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho juu ya wataalamu waliodanganyika. Mimi nakisoma kinyume. Masikio ya wale waliosifu hayakukosea kitu: upigaji ulikuwa mzuri, nao wakasema ni mzuri. Swali la aibu ni jingine. Ni wangapi waliopita dukani wakaiona sahani ya Czerny-Stefańska, wakairudisha kwenye rafu kwa kuwa jina halikuwa na kisa cha kusimulia? Rekodi halisi ya Lipatti akiipiga koncheto hiyo mwaka 1950 ilipatikana hatimaye, na inafaa kusikilizwa, lakini sioni sababu ya kuishusha ile nyingine kwa kosa la lebo ambalo aliyeipiga hakulitenda.

Visa vya huzuni navyo huziba masikio vilevile. Clara Haskil alirekodi koncheto mbili za Mozart, Namba 20 na Namba 24, mjini Paris mwezi Novemba 1960 na Okestra ya Lamoureux chini ya Igor Markevitch. Mwezi uliofuata akaanguka katika kituo cha reli cha Brussels na kufariki. Tangu hapo wengi husema wanasikia kifo ndani ya rekodi hizo. Haskil hakujua kwamba angeanguka. Alikuwa akifanya kazi. Ninachosikia mimi ni mkono usiotetereka katika mazungumzo makali, hasa mwanzo wa ile Namba 20, ambapo okestra inanguruma kwa chini kama radi iliyo upande wa pili wa ziwa, na piano inaingia na maneno mapya kabisa, bila kuijibu ngurumo kwa ngurumo. Ukimsikiliza ukiwa umeshajiandaa kulia, uthabiti huo utakupita.

Kadhalika rekodi ya Walter Gieseking ya Koncheto ya Tano ya Beethoven, iliyofanywa Berlin na kiongozi Artur Rother mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Ni miongoni mwa kanda za mwanzo kabisa za stereo zilizosalimika, na penye utulivu wasikilizaji wamesikia vishindo vya mizinga ya kutungulia ndege. Mwili husisimka ukitambua hivyo. Hata hivyo mzinga haumfanyi mpiga piano awe bora, na ukiniuliza ni wapi pa kujifunza Beethoven kabla ya hapo, nitakupeleka kwa Artur Schnabel, aliyerekodi koncheto zote tano London kati ya mwaka 1932 na 1935 akiwa na kiongozi Malcolm Sargent.

Schnabel hukosea. Katika mbio vidole vyake huteleza, na zipo nota ambazo mwanafunzi wa leo angezifuta kwa mkato mmoja wa kompyuta. Lakini sikiliza sehemu ya pili ya Koncheto ya Nne, ile ambayo Beethoven aliipigia hadhira ya Vienna tarehe 22 Desemba 1808 katika tamasha refu la baridi kali. Wapiga fidla wanaanza kwa ukali, wote kwa sauti moja, kama mzee wa boma anayekemea bila kutaka jibu. Piano inajibu kwa upole. Wanakemea tena, inajibu tena, na kidogo kidogo wale wakali wanapunguza maneno yao hadi wananong'ona. Wapiga piano wengi hulipiga jibu hilo kama ombi. Schnabel analipiga kama mtu ambaye hakuombi lolote. Ameshaamua, na ana muda wa kukungoja. Hilo halikutokana na vidole. Ndiyo maana simdai usafi, ingawa sikubali pia ile hoja ya wapenzi wa kale kwamba makosa ni dalili ya roho. Makosa ni makosa. Ninayavumilia kwa sababu ya kile kinachosemwa, na kama kisingesemwa kitu, nisingeyavumilia.

Koncheto pia ni shauri la madaraka, nalo linasikika waziwazi katika rekodi ya New York ya mwezi Aprili 1962, Glenn Gould alipopiga Koncheto ya Kwanza ya Brahms chini ya Leonard Bernstein. Huku kwetu kondakta ni yule anayepiga mabati ya matatu na kuamua nani apande; kule ni mtu wa kijiti anayeamua mwendo wa watu zaidi ya themanini. Siku hiyo Bernstein aligeuka kwa hadhira kabla ya muziki na kueleza kwamba mwendo wa polepole watakaousikia si wake, akauliza katika koncheto mkubwa ni nani, mpiga piano au kiongozi wa okestra. Kisha akaongoza. Rekodi hiyo haiwezi kuwa ya kwanza kwa mtu yeyote kuijua kazi ile, kwa kuwa inajikokota mahali ambapo Brahms anahitaji pumzi. Lakini unasikia pande mbili zisizokubaliana zikitendeana haki, na katika rekodi nyingi laini za miaka hii jambo hilo halipo, kwani kila mtu amekwisha kukubaliana na mwenzake kabla ya kufika studioni.

Rekodi ya Van Cliburn ya Koncheto ya Kwanza ya Tchaikovsky naitaja kwa kupita. Mmarekani wa miaka 23 alishinda mashindano ya Moscow mwaka 1958 wakati wa Vita Baridi, akairekodi mwaka huohuo na kiongozi Kirill Kondrashin, na sahani ikauzwa zaidi ya milioni moja. Ni nzuri. Sifa zake zimekwisha kusemwa na wengi.

Msomaji wa Kakamega au Nakuru anaweza kuuliza yote haya yanamhusu nini, ilhali piano zenyewe huku ni chache na nyingi zimo makanisani zikiliwa na unyevu. Muziki huu ulitufikia kwa njia ya misheni na mitihani, na bado wapo watoto wetu wanaojifunza kipande kwa miezi kadhaa kwa ajili ya mtihani au Tamasha la Muziki bila kuwahi kumsikia mtu yeyote mahiri akikipiga. Wanajifunza kutokosea. Zamani udhuru ulikuwepo, kwa maana sahani ziliagizwa kutoka ng'ambo kwa bei isiyosemeka. Leo bando la shilingi chache linatosha kuwasikia Rachmaninoff na Richter jioni moja. Onyo langu ni dogo: majukwaa ya muziki kwenye intaneti mara nyingi huonyesha mwaka ambao rekodi ilitolewa upya badala ya mwaka iliporekodiwa, kwa hiyo anayetaka kujua anamsikiliza nani na lini asiridhike na tarakimu iliyo chini ya jina. Kisha achague mahali pamoja padogo, sekunde arobaini hivi, apasikilize kwa mikono ya wapiga piano watatu tofauti. Koncheto nzima inaweza kungoja.

Hivi ndivyo nilivyofanya na rafiki yangu mpiga gitaa wa Kondele, ambaye hakuwahi kujali muziki wa aina hii. Nilimwekea sehemu ya pili ya koncheto ya Ravel ya piano na okestra, ile ya mikono miwili iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1932, katika rekodi ya Arturo Benedetti Michelangeli ya mwaka 1957. Piano inaanza peke yake na kubaki peke yake kwa karibu dakika tatu, mkono wa kushoto ukitembea kwa hatua zilezile, wa kulia ukiimba wimbo mrefu usiotaka kumalizika, kabla ya filimbi kuingia. Sikumwambia jina, wala mwaka, wala kisa. Stima ilikuwa imepotea, spika ilikuwa ikitumia chaji yake ya mwisho, na mbu walikuwa wamekwisha kutuvamia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyofanya akitafuta waya uliolegea.

"Omera," akasema, "huyu mkono wake wa kushoto unafika kabla ya wa kulia. Kila mara, kidogo tu. Anakosea?"

Nikamwambia kwamba hakosei, ndivyo alivyokuwa akipiga.

"Basi rudisha mwanzo," akasema, "nisikie ni kidogo kiasi gani."